Usiku wa mashairi na muziki Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huu ni usiku wa kughani, kuimba na kusikiliza, unaofanyika katika Mji wa Kale wa Lamu, ndani ya kiwanda cha nyumba ya mawe, yaani ua wake wa ndani, juu wazi. Nusu ya kwanza ni ya wasanii tuliowaalika. Nusu ya pili maiki ni ya wote: anayetaka huandika jina mlangoni, na zamu yake ikifika hupanda. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa jetini, sokoni na kwenye simu. Mengine tumeyajibu kwa sentensi mbili kwa sababu hayahitaji zaidi. Yale yanayohusu mashairi yenyewe tumeyapa nafasi, kwa kuwa ndiyo yaliyotufanya tuanzishe usiku huu. Tungo za pwani hii zilitungwa zisikike, na shairi lisilosikika kwa watu limefika nusu ya safari.

KUFIKA NA KUKAA

Hufanyika lini?

Jumamosi moja kila mwezi, ile iliyo karibu zaidi na mwezi kumi na nne, yaani mwezi mpevu, usiku wa kuamkia Jumapili. Tunaanza baada ya swala ya Isha, saa mbili na nusu, na ikifika saa tano maiki inazimwa. Tumechagua mbaamwezi kwa sababu vichochoro vya mji vina giza, wengi wanarudi kwa miguu, na kiwanda kikipata mwezi hakihitaji taa kali ya kumwumiza macho anayeghani.

Ramadhani hatufanyi. Watu wako tarawehe, kisha daku, na usiku wao umeshajaa. Mfungo Sita tunaacha siku za Maulidi, wakati mji mzima na wageni kutoka pande zote za pwani wanaelekea msikiti wa Riyadha. Usiku ule una matari yake na mashairi yake, nasi tunakwenda huko kama wengine.

Ni wapi hasa?

Mtaa wa Mkomani. Ukitoka uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, shika njia ya Usita wa Mui uelekee kaskazini. Kuanzia saa mbili kuna kijana mwenye taa kwenye kona ya kuingilia, naye atakuonyesha mlango. Ukishapita daka, kile kibaraza cha mlangoni, na kupinda, umeshaingia kiwandani.

Tunaulizwa kwa nini hatutumii ukumbi wa ndani. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, na watu thelathini wakiingia hakuna pa kupitisha birika la kahawa. Kiwanda kina nafasi, na kuta zake za matumbawe na chokaa zinairudisha sauti ya mtu bila kuipotosha. Mghani mwenye pumzi nzuri anaweza kusikika humo bila maiki kabisa, na wako wazee wanaoikataa. Tunawaachia.

Natoka Shela. Nitarudije usiku?

Una njia mbili, boti au miguu ufukweni, na zote mbili zinatawaliwa na maji. Mwezi mpevu huja na bamvua: maji hujaa sana alasiri kuelekea magharibi, kisha hukupwa sana usiku. Maana yake, ukitaka kuja kwa miguu jioni huenda ukakuta bahari imegusa kuta na njia ya chini haipitiki, lakini ukirudi saa tano ufukwe huwa umefunguka. Kwa miguu ni kama dakika arubaini na tano. Kwa boti ni dakika chache tu, ila maji yakiwa yamekupwa utashuka mbali kidogo na kutembea kwenye mchanga na matope, kwa hivyo vaa viatu usivyovionea huruma. Jumamosi yetu ikiangukia siku tatu nne kabla au baada ya mpevu, saa hizi husogea. Muulize nahodha yeyote wa jetini mchana, atakwambia saa ya maji bila kutazama karatasi. Na mkubaliane nauli ya kurudi kabla hujaingia kusikiliza, si saa tano usiku.

Na sisi wa Mokowe, Hindi, Mpeketoni?

Panga kulala mjini. Usitegemee kuvuka usiku huo.

Kuna kiingilio?

Hakuna. Kahawa ya kwanza pia haina bei.

Ila kutunza kupo, na tunaupenda utaratibu huo. Aliyeguswa na shairi au wimbo anainuka, anakwenda mbele taratibu, anaweka noti kwenye sinia lililo miguuni pa msanii, anarudi kukaa. Kilicho kwenye sinia ni cha msanii peke yake, hatukati hata shilingi. Tunaomba mambo mawili. Usimbandike mtu noti kwenye paji la uso, hasa anayeghani, kwa maana anahesabu mizani, yaani silabi, kichwani na utamkata. Na ngoja ubeti uishe. Kumtunza mtu katikati ya mshororo ni kuwanyima wengine maneno.

Kuna chakula?

Kahawa chungu, tende, halua, chai ya tangawizi, viazi karai na mahamri. Anayetaka mishikaki ale kabla, maana moshi wake hukaa kooni mwa waimbaji. Hakuna pombe, hakuna miraa, na sigara huvutwa nje ya mlango.

KUPANDA JUKWAANI

Nani anaweza kupanda?

Yeyote. Mvuvi, mwanafunzi, mwalimu wa chuo, mama wa nyumbani, fundi wa milango, mgeni aliyeshuka leo kutoka Manda. Hatuulizi cheti wala umeandika vitabu vingapi. Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mtunzi, mwandishi wa hati nzuri, mchonga mbao na mpiga kinanda, vyote mtu mmoja. Kwa hiyo anayetuambia "mimi ni fundi tu, si mshairi" tunamwandika jina hapo hapo.

Najiandikishaje?

Mlangoni, kuanzia saa mbili kamili, kwenye daftari. Nafasi ni kumi na mbili. Zikijaa, jina lako linakuwa la kwanza mwezi unaofuata, na hilo tunalitimiza. Hatuandiki majina kwa simu, kwa sababu wenye simu nzuri walikuwa watajaza daftari kabla ya mzee wa mtaa wa Langoni kumaliza swala.

Nina muda gani?

Dakika saba. Wengi wanaona ni chache, basi tuhesabu pamoja. Ubeti wa utendi (utenzi) una vipande vinne vya mizani minane, yaani mizani thelathini na miwili. Ukighaniwa kwa mwendo wa kawaida unachukua kama robo dakika. Dakika saba zinatosha beti ishirini na nane au hata thelathini. Ubeti wa shairi la mishororo minne una mizani sitini na minne, mara mbili ya ule, na kibwagizo kinaitikiwa na watu, kwa hivyo beti nane hadi kumi ndizo zinazoingia.

Utendi mrefu hatuukatai, tunaugawa. Ule ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858 una beti 102, na ukighaniwa wote unakaribia nusu saa. Mtu akitaka kuughani kamili atuambie mapema, tutampa nusu ya kwanza ya usiku badala ya maiki ya wote. Tungo kama hiyo inastahili kusikika kuanzia dua ya mwanzo hadi jina la mtunzi mwishoni. Kuirukaruka ni kuivunja.

Sijawahi kughani. Naweza kusoma tu kwenye karatasi?

Unaweza, na hakuna atakayekucheka. Lakini tunakuomba ujaribu kughani, hata kwa mahadhi mepesi unayoyajua tangu utotoni. Kila bahari ya ushairi, yaani kila aina ya utungo, hapa ina mahadhi yake, na mahadhi ndiyo yanayobeba kumbukumbu. Bibi ambaye hajui kusoma anaweza kukupa beti hamsini bila kusita, kwa sababu sauti inamkumbusha neno linalofuata. Aliyezoea kusoma kimya huishia kwenye karatasi yake, na upepo ukiipeperusha shairi limekwisha.

Namna ya kujiandaa ni hii. Liseme shairi lako kwa sauti nyumbani, ukitembea. Weka alama pale mshororo unapogawanyika katikati, kwenye kina cha ndani, na hapo ndipo uvute pumzi. Usivute pumzi pengine. Mahali utakapojikwaa mara mbili kwa ulimi, tatizo si ulimi, ni mizani: umezidisha au umepunguza silabi. Rekebisha neno. Shairi lililotungwa kwa sikio halimkwazi mghani wake.

Usiibandike maiki mdomoni. Isogeze umbali wa kiganja kutoka mdomoni, uitazame hadhira, na uanze polepole kuliko unavyodhani inafaa. Hofu huharakisha.

Lazima liwe na vina na mizani?

Si lazima. Mashairi huru yanapokelewa, na tumeyasikia mazuri. Lakini msimamo wetu hatuufichi: tunaupenda ushairi wa arudhi, ule wa vina na mizani, na tunataka vijana wa Lamu waujue kabla ya kuuacha. Anayeviacha vina bila kuvijua hajachagua chochote.

Kwa anayeanza, hizi bahari mbili zinatosha. Shairi la kawaida lina mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Tumetunga ubeti huu kwa ajili ya ukurasa huu tu, hesabu silabi kwa vidole:

Nimekuja kwa heshima, nipeni nami nafasi,
Maneno nimeyapima, nayasema kwa wepesi,
Wazee na kina mama, nisikizeni upesi,
Usiku wa kusikia, masikio yana kazi.

Kina cha kati ni *ma*, cha mwisho ni *si*, na mshororo wa nne ni kibwagizo kitakachorudi kila ubeti na kuitikiwa na watu. Ukirudi ubeti wa pili unaweza kubadilisha vina, lakini kibwagizo kinabaki.

Utendi ni mwepesi kuanza na mgumu kumaliza. Vipande vinne, mizani minane kila kimoja. Vitatu vya kwanza vinafanana kina, na cha nne kina kina chake ambacho hakibadiliki mpaka mwisho wa utungo, hata beti zikiwa elfu:

Nawaomba kusikiza,
Dua kwanza natanguza,
Kisa nipate eleza
Cha bahari na mawimbi.

Hapa mtunzi amejifunga na *mbi*. Atatafuta mwambi, vumbi, dhambi, ombi, sumbi, na akifika ubeti wa arubaini ataanza kuwauliza wazee maneno ambayo hayasikiki tena mjini. Hiyo ndiyo faida ya kifungo hiki. Kinakurudisha kwa wanaojua lugha kuliko wewe.

Nitumie Kiswahili sanifu?

Tumia chako. Kiamu, Kitikuu, Kisiu, Kipate, Kimvita, cha bara, vyote vina nafasi. Tungo nyingi kubwa za kale za Waswahili zina lugha ya visiwa hivi, na ni hasara mtoto wa Lamu kuona aibu kusema *mato* (macho) na *ndia* (njia) mbele ya maiki ya mji wake. Kiorma, Kipokomo na Kiarabu pia vinasikika. Kijana wa Sheng naye apande, mradi maneno yake aweze kuyasema mbele ya mama yake, kwa kuwa huenda mama yake yupo.

Zamu za mafumbo ni nini?

Ni robo saa kabla ya mapumziko, na kwa wengi ndiyo wanayoijia. Mtu mmoja anatoa fumbo kwa ubeti mmoja au miwili. Anayedhani amelifumbua harushi jibu kwa mdomo mtupu, anainuka na kujibu kwa ubeti, katika bahari ile ile na vina vile vile alivyoulizwa. Asipoweza, anakaa. Mtoaji akikubali jibu, anasema "umefumbua", na fumbo linalofuata ni la mshindi.

Hatukubuni hili. Ngoma ya gungu, ile ya kufumba na kufumbua, ilichezwa katika miji hii zamani, na majibizano ya mashairi yana historia nzito hapa. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa uhasama uliozaa vita vya Shela, watunzi wa Lamu na Mombasa waliandikiana tungo za kutishana na kukejeliana, Bwana Zahidi Mngumi akiwa upande huu na Muyaka bin Haji upande ule. Miaka ya 1970, uchaguzi hapa Lamu ulipiganwa pia kwa mashairi ya kimondo, ya kukejeliana kisiasa, yakizunguka kwa kaseti kutoka nyumba hadi nyumba.

Ukitaka kushiriki, kaa mbele, leta kalamu, na usihofu kuchelewa. Jibu zuri lililokuja mwezi unaofuata hupokelewa. Wako waliokaa na fumbo wiki nne wakarudi na beti saba zilizotulia kuliko za yule aliyejibu palepale, na sisi tunaziona hizo kuwa ndizo majibu hasa.

Naweza kusema mambo ya siasa?

Mambo ya mji, ndiyo, na kwa ukali. Bandari mpya na wavuvi waliopoteza maeneo yao, mikoko, taka kwenye mitaro, vilima vya mchanga vya Shela vinavyotunywesha maji na majengo yanayovisogelea: kama mshairi hatasema haya, atasema nani? Kampeni, hapana. Hatumpi maiki mgombea wala anayemwombea kura. Na usimtaje mtu kwa jina kumvunjia heshima. Mtunzi hodari anajua kumfumba anayemkusudia hadi kila mtu amjue na hakuna awezaye kuapa.

Mimi ni mwanamke. Nitakaaje, na nitapandaje?

Wanawake wana upande wao wa kiwanda, wenye mlango wake kupitia nyumba ya jirani, na wanaotaka kukaa pamoja na familia zao wana mikeka ya katikati. Kupanda ni sawa kwa wote. Anayetaka kughani amejifunika aghani amejifunika. Anayetaka kughani akiwa nyuma ya pazia, pazia lipo na maiki inafika huko.

Na wako wanaotunga lakini hawataki sauti yao isikike hadharani. Tunawaambia waziwazi: usiache kuleta. Mtunzi na mghani si lazima wawe mtu mmoja. Ni desturi ya zamani mtunzi kumkabidhi shairi mwenye sauti. Leta karatasi, tuambie kama jina litajwe au lisitajwe, chagua mghani kati ya waliopo, au tukuchagulie. Mashairi mengi ya wanawake wa visiwa hivi yamelala ndani ya madaftari na simu. Vugo na nyimbo za harusi zinaimbwa faraghani na hatuziombi zitoke huko, kila kitu kina mahali pake. Lakini yule anayetaka neno lake lifike mjini apate njia.

MUZIKI

Ala gani zinakubaliwa?

Udi, kibangala, fidla, harmoniamu, taishokoto, zumari, dumbaki, tabla, matari, ngoma, gitaa la kawaida. Ala zenye kelele ya umeme hazifai kiwanda kile, zinagonga ukuta na kurudi zikiwa zimefunika maneno.

Mpiga udi afike nusu saa mapema. Hewa ya bahari na joto la miili ya watu hubadilisha nyuzi, na udi hauna vizuizi vya vidole vya kukuokoa ukiwa umekosea. Wapiga matari na ngoma za ngozi nao wawahi: kaskazi au kusi, unyevu hulegeza ngozi, na tunawawekea jiko la makaa pembeni ili wazipashe. Watu wengine tunaomba wasiziguse ngoma zilizo karibu na jiko. Mwenyewe anajua dakika ya kuziondoa.

Ni taarabu au ni nini?

Taarabu ipo, ile ya kukaa na kusikiliza. Lamu ndiko alikozaliwa Zein l'Abdin, mpiga udi aliyejulikana mbali na ambaye uimbaji wake ulisimama juu ya mashairi yenye vina na mizani kamili. Njia hiyo ndiyo tunayoipenda: ala inamfuata mwimbaji, mwimbaji analifuata shairi. Nyimbo za kurushana roho zina kumbi zake na wapenzi wake. Kwetu zinageuza usiku kuwa wa kucheza, na mtu aliyekuja na beti zake kumi hapati tena pa kuzisemea.

Naweza kughani juu ya biti?

Ndiyo. Ilete kwenye simu, mpe fundi mitambo kabla ya saa mbili na nusu. Itapigwa kwa sauti ya chini kuliko utakavyotaka.

Na kasida?

Zinafungua usiku, kabla ya ala yoyote kuguswa, na hupewa utulivu wake. Hatuzichanganyi na nyimbo za mapenzi katika zamu moja.

Naweza kuimba au kughani tungo ya mtu mwingine?

Ndiyo, kwa sharti la kumtaja mtunzi kabla hujaanza. Kama yu hai na yuko mjini, mwombe idhini. Ni adabu, na mara nyingi atakuja mwenyewe kukusikiliza. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda utungo kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hivyo shairi la marehemu babu ya jirani yako huenda bado lina wenyewe. Anayejiwekea jina lake kwenye tungo ya mwenzake hapandi tena, na hilo tumelikataa kwa kila mtu, mkubwa na mdogo.

Stima ikipotea?

Tunaendelea. Kuna karabai, kuna mwezi, na ala zetu nyingi hazihitaji umeme.

Mvua?

Masika yakipiga tunaahirisha wiki moja. Manyunyu tunavumilia, ila udi unaingizwa ndani kwanza.

ADABU ZA KUSIKILIZA

Kama sighani wala siimbi, nije kufanya nini?

Uje kusikiliza, na hiyo si kazi ndogo. Tunaitaka zaidi ya tunavyotaka waghani, kwa kuwa waghani daftari linajaa kila mwezi.

Msikilizaji wa hapa hakai kama aliyeko darasani. Kibwagizo kikifika anakiitikia. Ubeti ukimgusa anasema "rudia", na mghani anarudia. Neno asilolijua analishika, na wakati wa kahawa anamwuliza mzee aliye karibu. Akisikia mizani imevunjika hasemi kitu pale pale. Anamfuata mtunzi pembeni, kwa upole, na kumwonyesha. Vijana wengi waliopanda wakitetemeka wamekuwa watunzi kwa sababu mtu mmoja aliwafuata pembeni.

Simu iwe kimya na mwanga wake uzimwe. Mazungumzo yafanyike dakani. Ukitaka kutoka, toka ubeti ukiisha. Na adhana ikisikika kutoka msikiti wowote, kila kitu kinasimama hadi iishe.

Nivae nini?

Kikoi, kanzu, buibui, dira, suruali na shati, vyote sawa. Wageni tunawaomba wafunike mabega na magoti. Viatu vinabaki mlangoni kwa sababu tunakaa mikekani. Wazee na wenye maumivu ya miguu wana viti.

Sijui Kiswahili vizuri. Nitaelewa?

Kaa karibu na mwenyeji, atakunong'oneza wakati wa mapumziko. Jukwaani hatutafsiri, maana kila ubeti ungechukua muda wa mbili.

Naruhusiwa kurekodi?

Mshereheshaji humwuliza kila anayepanda: kurekodiwa ndiyo, au hapana. Akisema hapana, simu zote zinashuka, hata za ndugu zake. Akisema ndiyo, rekodi kwa ajili yako, na ukitaka kuiweka mtandaoni mwombe tena, kisha uandike jina la mtunzi. Wanawake walio upande wao hawapigwi picha kamwe. Picha au video ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi wake, na hilo ni takwa la sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 pia, si letu tu.

Rekodi zetu wenyewe tunazihifadhi pamoja na maandishi ya shairi, tahajia ikiwa ya mtunzi. Mtunzi au familia yake wakitaka nakala wanapewa bure.

Nije na watoto?

Njoo nao. Zamu mbili za kwanza za maiki ya wote ni za walio chini ya miaka kumi na tano, ili warudi nyumbani mapema. Wengi huleta ubeti waliojifunza chuo cha Kurani au kwa nyanya zao, na wengine huleta wa kutunga wenyewe. Mtoto akisahau katikati, asikumbushwe na watu ishirini kwa pamoja. Mwacheni arudi mwanzo wa ubeti, mahadhi yatamrudishia neno.

Nawezaje kusaidia?

Kuanzia saa kumi na moja jioni tunatandika mikeka, tunajaza mitungi na kujaribu maiki. Anayejua kukoroga kahawa anahitajika kuliko wote. Mwenye daftari la zamani la mashairi nyumbani, hata kama limeliwa na mchwa na limeandikwa kwa hati ya Kiarabu, atuambie. Halitatoka mikononi mwake: tutakuja kwake na msomaji wa hati hizo, tulinakili pale pale barazani.